Je, Wajua? Wakalimani wa Miongozo ya Kompyuta

Je, wajua kwamba nukta iliyowekwa mwanzoni mwa mstari mwaka 1964 inafanya kazi hadi leo? Mwaka huohuo wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Jerome Saltzer wa chuo cha MIT, Marekani, aliandika programu iitwayo RUNOFF. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mstari unaoanza kwa nukta ni amri kwa mashine, mistari mingine yote ni maneno ya msomaji. Fungua leo faili la mwongozo wa amri ya Linux, utakuta mistari inayoanza kwa .TH, .SH na .PP. Nukta ni ileile. Hata jina halikwenda mbali: RUNOFF ilifupishwa ikawa roff, na roff ikazaa nroff na troff.

Vialama vya namna hiyo ndivyo huitwa lugha ya alama. Unaandika maneno yako kama kawaida, kisha unatia ishara ndogo za kuiambia mashine kwamba hiki ni kichwa, hiki ni kiungo, neno hili liwe zito. Msomaji wa mwisho hazioni ishara hizo. Anayeziona ni mkalimani aliye katikati, na huyo ndiye ninayetaka umjue leo.

Je, wajua kwamba katika lugha ya waandishi wa programu, maktaba haina vitabu? Ni furushi la msimbo uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambalo programu nyingine huliazima badala ya kuanza kazi upya. Maktaba za miongozo zina kazi mbili. Ya kwanza ni kuchanganua: kusoma maandishi yenye alama na kutambua kila kipande ni nini. Ya pili ni kubadili: kukitoa kile kilichotambuliwa kwa sura nyingine, iwe ukurasa wa wavuti, kitabu cha kuchapwa au maandishi ya kwenye skrini nyeusi.

Je, wajua kwamba wapiga chapa watatu walisaidia kuikuza Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta? Mwaka 1971, watafiti wa Bell Labs, waundaji wa Unix, walikuwa na kompyuta mpya ya PDP-11 waliyoipata kwa ahadi ya kutengeneza mfumo wa kuandalia maandishi. Wateja wao wa kwanza walikuwa idara ya hataza ya kampuni yao. Wapiga chapa watatu walishinda kutwa wakiandaa maombi ya hataza kwa roff, huku watafiti wakiendelea na kazi zao kwenye mashine hiyohiyo, yenye diski moja ya nusu megabaiti. Tarehe 3 Novemba 1971 toleo la kwanza la mwongozo wa Unix lilitoka. Mfumo na mwongozo wake vilikua pamoja, na naamini hiyo ni sababu moja ya Unix kudumu.

Je, wajua kwamba troff ilimpoteza mwenyewe ikiwa bado changa? Joe Ossanna, aliyeiandika, alifariki mwaka 1977. Mwenzake Brian Kernighan akaichukua na kuifanyia ukarabati mkubwa ili itoe kurasa kwa mashine yoyote ya uchapaji, kwani ya Ossanna ilijua aina moja tu. Kitabu maarufu cha lugha ya C, walichokiandika Kernighan na Dennis Ritchie mwaka 1978, kilipangwa kurasa na waandishi wenyewe kwenye Unix.

Je, wajua kwamba herufi za GML ni majina ya watu? Goldfarb, Mosher na Lorie walikuwa wafanyakazi wa IBM. Mwaka 1969 walibuni lugha iliyotenganisha maana ya maandishi na sura yake: badala ya kuandika "weka herufi kubwa, ruka mistari miwili", unaandika "hiki ni kichwa", na sura huamuliwa baadaye. Charles Goldfarb alikuwa mwanasheria kwa taaluma, na mradi wao ulihusu nyaraka za kisheria. Mwaka 1986 mtoto wa GML, yaani SGML, alikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 8879. Wajukuu wake ni HTML na XML. Tim Berners-Lee alipotunga HTML pale CERN, aliazima baadhi ya vitambulisho kutoka lugha ya SGML iliyokuwa ikitumika hapohapo kuandalia nyaraka.

Kutenganisha maana na sura: shikilia wazo hilo, maana ndilo linalobeba mengine yote.

Je, wajua kwamba programu inayotegemewa sana katika kubadili nyaraka iliandikwa na mwalimu wa falsafa? John MacFarlane ni profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 2006 alitoa Pandoc, iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell, ikiwa maktaba pamoja na amri ya kutumia maktaba hiyo. Leo inasoma na kuandika makumi ya mitindo ya nyaraka.

Hapa pana hesabu ambayo kila mtu wa Afrika Mashariki ataielewa upesi. Ukiwa na mitindo 10 ya nyaraka na unataka kila mmoja ugeuzwe kuwa wowote kati ya mingine 9, unahitaji vigeuzi 90. Ikiwa mitindo ni 40, unahitaji 1,560. Hakuna atakayeviandika vyote, wala atakayeweza kuvitunza. Pandoc ilifanya kile ambacho Kiswahili kilifanya Tanzania. Nchi yenye lugha zaidi ya 120 haikuhitaji Msukuma ajifunze Kimakonde, na Mmakonde ajifunze Kihaya, na Mhaya ajifunze Kizaramo. Wote walikutana kwenye lugha moja ya katikati. Pandoc nayo ina umbo moja la kati, ambalo wataalamu huliita mti. Kila mtindo una msomaji wake anayeuleta mtini, na mwandishi wake anayeutoa mtini. Kwa mitindo 40 unahitaji vipande 80.

Mti huo unaonekanaje? Chukua sentensi hii ya mwongozo, iliyoandikwa kwa Markdown:

Fungua faili la **mipangilio** kwanza.

Pandoc ikiisoma, inaiona kama aya moja yenye vipande tisa: neno "Fungua", nafasi, neno "faili", nafasi, neno "la", nafasi, kisha kifurushi kiitwacho Strong, yaani zito, chenye neno "mipangilio" ndani yake, nafasi tena, na mwisho "kwanza." pamoja na nukta yake. Vinyota vimetoweka. Kilichobaki ni habari kwamba neno hilo lina uzito. Mwandishi wa HTML ataizungusha habari hiyo kwa strong, wa LaTeX ataandika \textbf, na wa Word ataweka wino mzito. Kwa mtumiaji ni mstari mmoja tu wa amri: pandoc mwongozo.md -o mwongozo.docx. Nimeuandika mstari huo mara nyingi mno, na bado huushangaa.

Je, wajua kwamba Pandoc inaandika PDF lakini haisomi PDF? Sababu ni ileile ya maana na sura. PDF huhifadhi mahali ambapo kila herufi inakaa kwenye karatasi, na kwa kawaida haisemi kipi ni kichwa na kipi ni aya. Maji yakimwagika hayazoleki. Ofisi inayotunza miongozo yake kwa PDF peke yake, huku faili la asili limepotea, imetunza picha ya mwongozo. Tafadhali tunza faili la asili.

Je, wajua kwamba Markdown ilipozinduliwa Machi 2004, mmoja wa waliosaidia kuiunda alikuwa na miaka 17? John Gruber ndiye aliyeitoa, ikiwa programu moja ya Perl. Kijana aliyeshauriana naye kuhusu sintaksia alikuwa Aaron Swartz. Waliazima desturi za watu waliokuwa wakiandikiana barua pepe: kinyota kwa msisitizo, kistari kwa orodha, alama ya kunukuu mwanzoni mwa mstari. Ndiyo maana faili la Markdown linasomeka hata kabla ya kubadilishwa.

Lakini urahisi una mitego yake, na mingine humnasa mwandishi wa Kiswahili barabara.

Anza aya kwa maneno haya: "1964. Mwaka wa Muungano." Markdown itadhani umeanza orodha, kwa kuwa namba ikifuatwa na nukta na nafasi mwanzoni mwa mstari ni dalili ya orodha. Programu ya kwanza ya Gruber ilipuuza namba uliyoandika na kuhesabu upya kuanzia 1, hivyo mwaka wa Muungano ungegeuka kuwa mwaka wa kwanza. Dawa ni kutia mkwaju wa nyuma kabla ya nukta.

Andika jina la kigezo cha programu, tuseme jina_la_mteja. Programu ya kwanza iliona vistari viwili vya chini na kuamua kwamba "la" liandikwe kwa herufi za mlazo. Vistari vyenyewe vilitoweka, na msomaji akanakili jina lisilokuwepo. Kiwango cha baadaye, kiitwacho CommonMark, kilikataza kistari cha chini kufanya kazi ndani ya neno, ila kinyota bado kinaruhusiwa.

Mtego mwingine hauonekani kabisa. Nafasi mbili tupu mwishoni mwa mstari humaanisha "katisha mstari hapa". Vihariri vingi vya msimbo huweza kufuta nafasi za mwisho vinapohifadhi faili, na mistari ya shairi au anwani hushikana ghafla. Nafasi nne mwanzoni mwa aya nazo humaanisha "huu ni msimbo". Aliyefundishwa shuleni kujongeza aya ya barua ataona aya yake imegeuka kisanduku cha msimbo.

Je, wajua kwamba namba ya orodha katika kiwango cha CommonMark haiwezi kuzidi tarakimu 9? Vivinjari vingine hushindwa kuhesabu zaidi ya hapo. Namba ya simu yenye tarakimu 10 iko salama.

CommonMark yenyewe ina kisa. Kwa miaka 10, kila aliyetaka Markdown aliandika maktaba yake, na kila maktaba ikawa na lahaja yake. Faili moja lilitoa kurasa tofauti kwenye tovuti tofauti. Septemba 2014, MacFarlane, Jeff Atwood na wenzao walitoa maelezo kamili ya lugha hiyo, wakayaita Markdown Sanifu. Gruber hakulipenda jina, likabadilishwa kuwa CommonMark. Lililo muhimu zaidi ni kwamba maelezo hayo yana mifano zaidi ya 600, kila mmoja ukionyesha kilichoingia na kinachopaswa kutoka, na mifano hiyo huchomolewa moja kwa moja kwenye waraka na kuendeshwa kama mtihani. Ukiandika maktaba yako leo, utajua kabla ya jioni ni wapi umekosea. Waraka wa kanuni na karatasi ya mtihani ni faili moja. Sijui njia bora zaidi ya kuandika kanuni.

Je, wajua kwamba CommonMark haijui kosa la sarufi? Mfuatano wowote wa herufi ni waraka halali. Mashine itatoa kitu kila mara, na ukaguzi unabaki kwako.

Je, wajua kwamba sauti ng' inaweza kuichanganya ensaiklopidia? Hili nataka tukae nalo kidogo.

Wikipedia, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003, huandikwa kwa lugha yake ya alama. Ritifaa mbili mfululizo huleta herufi za mlazo, tatu huleta herufi nzito. Sasa mwandishi wa makala ya sarufi anataka kuandika sauti ng' kwa herufi za mlazo. Anafungua kwa ritifaa mbili, anaandika ng pamoja na ritifaa yake, kisha anafunga kwa ritifaa mbili. Ritifaa ya sauti na mbili za kufungia zinashikana na kuwa tatu:

''ng'''

Mashine inaona alama ya mlazo mwanzoni na alama ya uzito mwishoni. Ifanyeje? MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ina kanuni ya busara. Huhesabu alama zote za mstari mmoja. Ikiwa idadi ya alama za mlazo ni witiri, na ya alama za uzito nayo ni witiri, basi hudhani kwamba moja kati ya zile alama za ritifaa tatu ni ritifaa ya kawaida iliyofuatwa na alama ya mlazo. Hapo juu kuna moja na moja, zote witiri, kwa hiyo mashine inabaini sawasawa: ng' kwa mlazo, na ritifaa yake ipo. Kanuni hiyo huokoa pia lugha kama Kifaransa na Kiitaliano, ambazo ritifaa zake hushikana na neno linalofuata.

Lakini rudia sauti hiyo mara mbili katika mstari mmoja:

''ng''' na ''ng'''

Alama za mlazo ni mbili, za uzito ni mbili. Zote shufwa, mashine haishuku lolote. Matokeo: ng ya kwanza inatoka mlazo bila ritifaa, neno "na" linatoka mlazo na zito, ng ya pili inatoka nzito, nayo bila ritifaa. Sauti iliyokuwa mada ya sentensi imepotea mara zote mbili. Dawa ni kuandika ritifaa kwa msimbo wake wa HTML, ', ili mashine isiihesabu.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu linaonyesha wazi maktaba hizi zinavyofanya kazi: kwa kubahatisha kulikoandikwa na watu, kwa kuangalia lugha walizozijua. Mtu wa Kiswahili akikutana na bahati mbaya kama hiyo na kuiripoti pamoja na mfano mfupi, amewafaa wote wanaoandika ng'ombe, ng'ambo na ng'aa.

Maktaba iitwayo Parsoid ilitengenezwa kwa ajili ya Wikipedia ili igeuze lugha yake ya alama kuwa HTML, kisha iirudishe bila kuvuruga mistari ambayo mhariri hakuigusa. Kurudi ndiko kugumu. Iliandikwa kwanza kwa JavaScript, ikahamishiwa PHP mwaka 2019. Mwandishi mwingine aliyetengeneza maktaba ya Python ya kuchanganua lugha hiyohiyo aliipa jina mwparserfromhell, yaani mchanganuzi wa kutoka jehanamu. Jina linatosha kueleza ugumu wa kazi.

Je, wajua kwamba mtaalamu wa kompyuta Donald Knuth alifikiria programu kama kitu cha kusukwa? Mwaka 1984 alieleza mfumo wake wa WEB, ambamo maelezo na msimbo huandikwa ndani ya faili moja, kwa mpangilio unaomfaa binadamu. Chombo cha kwanza, TANGLE, huchomoa msimbo na kuupa kompyuta. Cha pili, WEAVE, husuka waraka wa kusomwa. Anayejua kusuka ukili ataiona picha hiyo mara moja: nyuzi ni zilezile, ila upande mmoja ni wa kazi na upande mwingine ni wa macho. TeX, programu yake ya kupanga kurasa, imeandikwa hivyo. Matoleo ya TeX hukaribia thamani ya pai, na la mwaka 2021 ni 3.141592653. Anayegundua kosa la TeX aliahidiwa dola 327.68.

Je, wajua kwamba Perl huruka maelezo yako na maelezo huruka Perl? Tangu toleo la 5, mwaka 1994, unaandika =head1 katikati ya msimbo na kuanza kueleza, kisha =cut na kuendelea na kazi. Mashine ya Perl huyapita maelezo. Maktaba za mtindo huo, uitwao Pod, nazo huupita msimbo na kutoa mwongozo, na pod2man huugeuza mwongozo huo kuwa roff. Tazama safari hiyo: maelezo ya mwaka 1994 yanapanda gari la mwaka 1964 ili yafike kwenye skrini yako.

Java ilichagua HTML ndani ya maelezo ya msimbo tangu mwanzo wake katika miaka ya 1990, na waandishi wake wakahangaika na mabano ya pembe kwa zaidi ya robo karne. Septemba 2024, toleo la 23 liliruhusu Markdown, kwa mistari inayoanza na mikwaju mitatu. Kazi ya kuchanganua imepewa maktaba iitwayo commonmark-java.

Go ilikwenda upande mwingine: maelezo ni maneno matupu, karibu bila alama. Mwaka 2022, toleo la 1.19 liliongeza orodha, viungo na vichwa vilivyo wazi zaidi, pamoja na maktaba ndogo iitwayo go/doc/comment. Hiyo huyasoma maelezo na kuyatoa kwa sura nne: HTML, Markdown, maandishi matupu, au maelezo yaleyale yakiwa yamenyooshwa. Ukitaka kujifunza uandishi wa mchanganuzi, soma msimbo wake. Ni mfupi na umeelezwa vizuri.

Je, wajua kwamba mwongozo unaweza kujisahihisha? Python ina maktaba ya doctest, iliyoandikwa na Tim Peters na kuingia toleo la 2.1 mwaka 2001. Hupekua maelezo, hutafuta mifano iliyoandikwa kama mazungumzo na mashine, huiendesha, na kulinganisha jibu na lile lililoandikwa. Mfano ukipitwa na wakati, mtihani unafeli. Lugha ya Rust nayo huijaribu mifano ya miongozo yake. Kila aliyewahi kunakili mfano kutoka mwongozo wa zamani na kupoteza mchana mzima atajua thamani ya kazi hiyo.

Je, wajua kwamba miongozo ya Python iliwahi kuandikwa kwa LaTeX? Georg Brandl alitengeneza chombo kiitwacho Sphinx kwa ajili ya kuihamishia kwenye lugha ya alama ya reStructuredText, na toleo la 2.6 la mwaka 2008 likatoka na miongozo ya mtindo huo. Chini ya Sphinx kuna maktaba ya Docutils ya David Goodger, ambayo ndiyo hasa inayochanganua na kujenga mti. Mwaka 2016, kiini cha Linux nacho, katika toleo lake la 4.8, kilianza kuhamia Sphinx. Sehemu ya miongozo yake ilikuwa kwa DocBook, lugha iliyoanza mwaka 1991 kwa lengo la kubadilishana nyaraka za Unix zilizokuwa kwa troff.

Je, wajua kwamba maktaba ya Beautiful Soup, inayochanganua kurasa za HTML zilizoandikwa ovyo, ilipewa jina la wimbo ulio ndani ya hadithi ya Alice ya Lewis Carroll? Hadithi hiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu.

Je, wajua kwamba maktaba iitwayo po4a huandaa miongozo kwa mtafsiri? Huchanganua faili la roff, Pod, Texinfo au DocBook, huchomoa aya zake moja moja, na kumpa mtafsiri orodha ya aya bila alama za mpangilio zinazozizunguka. Akimaliza, hurudisha tafsiri ndani ya umbo la asili. Mwongozo wa Kiingereza ukibadilika aya moja, mtafsiri huonyeshwa aya hiyo tu. Sphinx ina utaratibu wa namna hiyo pia.

Kuchomoa aya nzima ni bora kuliko kuchomoa maneno, na Kiswahili kinaonyesha kwa nini. Programu ikiwa na kipande cha ujumbe kinachosema tu "deleted", mtafsiri wetu atabaki ameshika kalamu. Faili limefutwa. Picha imefutwa. Kiungo kimefutwa. Mtumiaji amefutwa. Utaratibu wa gettext unaotumika katika programu nyingi huria humpa mtafsiri umoja na wingi, lakini haumpi ngeli. Waliofanya kazi ya Jambo OpenOffice katika mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 2004, walitafsiri programu ya ofisini kwa Kiswahili, lugha yenye ngeli hizo. Kazi ile inastahili kukumbukwa na kuendelezwa.

Jambo la mwisho ni dogo, na unaweza kulifanya leo. Pandoc inakuruhusu kuweka mistari michache ya utambulisho juu ya faili, na mmoja wake ni huu: lang: sw. Herufi hizo mbili ndizo msimbo wa kimataifa wa Kiswahili, na unaweza kuongeza nchi: sw-TZ, sw-KE, sw-UG au sw-CD. Ukibadili faili kuwa ukurasa kamili wa HTML, Pandoc hubeba tamko hilo humo. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA na sauti ya eSpeak NG, atasomewa kwa matamshi ya Kiswahili, maana sauti hiyo inakijua. Tamko likikosekana, sauti huendelea na lugha iliyowekwa kwenye kompyuta yake, na ikiwa ni Kiingereza, mwongozo wako mzuri utasomwa kwa matamshi asiyoweza kuyafuata. Ukiandika mwongozo wowote kwa Kiswahili, tafadhali weka mstari huo kwanza.